Chai ya Mwalimu: Mteja wa Kila Siku katika Sajili ya Hotelini Mjini Garissa

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia isimujamii ya shule ya upili nchini Kenya anaikumbuka sajili ya hotelini. Mazungumzo ya mfano huwa yale yale: mteja anaingia, mhudumu anamkaribisha na kumtajia vyakula kwa pumzi moja, mteja anaagiza, analetewa, analipa na kwenda zake. Kisha huja swali la kutambua sajili na kutaja sifa zake, nayo majibu yamekwisha kukaririwa: sentensi fupi, msamiati wa mapishi, kuchanganya ndimi, adabu ya biashara, na mteja kuitwa kwa jina la chakula alichoagiza. Majibu hayo ni ya kweli. Kasoro iliyopo ni kwamba mteja wa vitabuni daima ni mgeni. Haingii mara ya pili.

Ilhali hoteli, iwe kibanda cha chai au jumba lenye viyoyozi na mlinzi getini, haiishi kwa wageni. Huishi kwa yule anayerudi, anayekalia kiti kile kile saa ile ile, ambaye wapishi wanamjua kwa mlio wa viatu vyake. Makala haya yanadai kuwa kurudi huko huzaa sajili nyingine ndani ya ile ya kwanza, yenye sarufi yake na adabu zake. Yanaitazama sajili hiyo mjini Garissa, mahali ambapo kurudi pale pale kila siku kumewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Neno "hoteli" limetumiwa humu kwa maana yake ya Kenya, yaani mahali pa kula, pawe na vyumba vya kulala au pasiwe navyo. Mifano ya mazungumzo imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi, na "Mwalimu" anayetajwa ni mhusika wa mfano tu.

Neno "mteja"

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Mteja hakuwa mnunuzi tu. Mganga naye ana wateja wake, yaani watu waliojiweka chini ya uangalizi wake na wanaomrudia hadi wapone. Dukani, vilevile, mteja hasa ni yule aliyezoeana na mwenye duka, tofauti na mpita njia aliyeingia kwa sababu ya jua. Hivyo wazo la kurudi limo ndani ya neno tangu hapo.

Matumizi ya karibuni yameligawa neno hili pande mbili. Pwani ya Kenya "teja" ni mraibu wa dawa za kulevya, mtu asiyeweza kuacha kurudi. Bara nako, kutokana na ule ujumbe wa simu unaomwarifu mpigaji kuwa mteja hapatikani, vijana husema "nimempigia, ni mteja", wakiwa na maana kwamba mtu huyo hafikiki. Neno moja, basi, limebeba anayerudi mno na asiyepatikana kabisa. Kwa mji kama Garissa maana zote mbili zina kazi, kama itakavyoonekana.

Mgeni huitwa chakula

Tuitazame kwanza sifa inayowachekesha wanafunzi darasani. Saa saba mchana hoteli imejaa, na mhudumu anapaza sauti:

– Pilau wa dirishani hajaletewa ndizi!
– Chai mbili wamelipa?
– Pasta anaita.

(Ndizi huliwa pamoja na wali au pasta kwa desturi ya Wasomali, na katika hoteli za Garissa huwekwa kando ya sahani bila kuombwa. Mgeni kutoka Nairobi hudhani ni ya kumalizia mlo, akaiweka pembeni.)

Mitihani hutosheka na kusema kuwa mteja "hurejelewa kwa chakula". Jambo hili linastahili uchunguzi zaidi. "Pilau" kama chakula huwa na upatanisho wake: pilau hii imeiva. Katika sentensi ya mhudumu, pilau "hajaletewa", kwa upatanisho wa ngeli ya A-WA. Nomino imehama ngeli kwa sababu kirejelewa chake kimekuwa mtu. Katika "chai mbili wamelipa" kuna ajabu zaidi: kivumishi cha idadi kimebaki katika I-ZI, ndiyo maana hatusikii "chai wawili", ilhali kitenzi kimekwenda A-WA. Kishazi kimoja, upatanisho wa aina mbili.

Je, mhudumu anaharibu sarufi? La hasha. Kiswahili sanifu hufanya jambo lilo hilo kila siku. Tunasema "rafiki zangu wamefika": kimilikishi kinafuata umbo la nomino, kitenzi kinafuata maana yake. Mhudumu anayekimbia na sahani nne mikononi anatumia kanuni ile ile inayotawala majina ya jamaa na marafiki, isipokuwa yeye ameipeleka hadi kwenye chai. Mwalimu wa sarufi atakayeanza somo la upatanisho kwa mfano huu atawapata wanafunzi wakiwa macho.

Sasa mtu yule yule arudi kesho, na keshokutwa, na mwezi mzima. Siku moja, bila tangazo lolote, anaacha kuwa "chai" na chai yenyewe inaanza kuitwa kwa jina lake. Jikoni husikika:

– Chai ya Mwalimu!
– Nyama ya Afande usiikaushe.
– Ile ya Hajji imetoka?

Mgeni huitwa kwa chakula; kwa mteja wa kila siku chakula ndicho huitwa kwa jina lake. Kiunganifu "-a" hapa hakionyeshi umiliki peke yake, kwani chai haijanunuliwa bado na mwenyewe huenda hajaketi. Kinaonyesha aina. Chai ya Mwalimu ni chai ya maziwa ya ngamia, yenye ule moshi kidogo unaotokana na kufukizwa kwa vyombo vya maziwa, iliyo na hiliki na isiyo na sukari. Maelezo hayo yote yamekunjwa ndani ya maneno matatu ambayo nje ya jiko hilo hayana maana yoyote. Fauka ya hayo, istilahi hiyo ikikomaa huweza kurithiwa. Mtu wa meza ya jirani akiionja na kuipenda, naye huagiza "chai ya Mwalimu", na hatimaye mpishi huweza kuulizwa "chai ya Mwalimu ngapi?" na kujibu "tatu", ilhali Mwalimu ni mmoja na siku hiyo hata hayupo. Hivi ndivyo msamiati unavyozaliwa, na ni nadra mwanaisimu kuushuhudia uzazi huo kwa karibu namna hii.

Hatua zinazofutika na ile inayorefuka

Mwanaisimu Mwingereza T. F. Mitchell, katika makala yake ya mwaka 1957 kuhusu lugha ya kununua na kuuza huko Cyrenaica, mashariki mwa Libya, alionyesha kuwa mazungumzo ya sokoni hupitia hatua tano: salamu, kuuliza bidhaa, kuikagua, kupatana bei na kuhitimisha. Mgeni katika hoteli ya Garissa hupitia takriban hatua hizo zote, ukiondoa kupatana bei. Huamkuliwa, huuliza kuna nini, hutajiwa hilib geel (nyama ya ngamia), mbuzi, wali, pasta na chapati, huuliza kama nyama ni laini, kisha huagiza.

Kwa mteja wa kila siku hatua za kati hufutika. Hubaki hivi:

Mhudumu: Ile?
Mwalimu: Ile. Lakini leo chapati moja tu.

Kiashiria "-le" vitabuni huelezwa kuwa ni cha mbali. Hapa hakuna umbali. "Ile" inaashiria kitu kilichomo katika kumbukumbu za watu wawili, na anayeitumia anakiri kwamba kumbukumbu hiyo ipo. Mgeni hawezi kusema "ile", akiisema ataulizwa "ipi?" na hapo ugeni wake utakuwa umetangazwa. Mwisho kabisa hata "ile" hudondoka, chakula huletwa bila neno, na hapo tunakuwa na sajili iliyofikia kilele chake kwa kunyamaza.

Hata hivyo, hatua moja huwa inarefuka kwa kadiri nyingine zinavyofupika, nayo ni ya salamu. Mgeni hupewa "karibu" akaonyeshwa kiti. Mteja wa kila siku huulizwa nyumbani, kazini, na safari ya Mwingi ilikuwaje. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, kando ya Mto Tana, na si ajabu kumkuta mhudumu Mkamba kutoka Mwingi au Kitui, mwenye hoteli Msomali na mteja Mluhya, Kiswahili kikiwa daraja baina yao. Salamu hupokezana lugha. Kisomali huuliza "Ma nabad baa?", yaani ni amani?, na jibu huwa "Waa nabad". Huuliza pia "Is ka warran?", yaani jielezee habari zako, ambapo "war" ni habari kama ile ya Kiswahili. Lugha mbili zisizo na nasaba moja zimekutana katika kuomba habari kabla ya kuomba chai.

Malinowski, katika maandishi yake ya mwaka 1923, alizieleza salamu za aina hii kuwa ni maneno ya kuunganisha watu, ambayo maana yake ya moja kwa moja haizingatiwi sana. Kwa jumla aliona sawa. Lakini nadharia hiyo hutikisika mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa "ni amani?" na akawa hana hakika ya jibu. Kumekuwa na miaka Garissa ambapo salamu hiyo ilikuwa swali kamili, lenye kuhitaji jibu kabla ya mtu kuketi.

Majina ya heshima

Kwa mujibu wa Halliday, sajili huamuliwa na mambo matatu: nyanja ya mazungumzo, uhusiano wa wahusika, na njia ya mawasiliano. Mafunzo ya shuleni hukazia nyanja: palipo na sahani na bili ni hotelini. Mteja wa kila siku anatulazimisha tuutazame uhusiano, kwa kuwa nyanja na njia hubaki zilivyo ilhali lugha imebadilika kabisa.

Badiliko hilo husikika kwanza katika namna ya kuitana. Mgeni ni "bosi", "mkubwa" au "mheshimiwa", vyeo vya bure vinavyogawiwa kila anayeingia. Mteja aliyezoeleka hupewa cheo chake cha kweli (Mwalimu, Daktari, Afande) au huingizwa katika ukoo. Kijana humwita mzee "adeer", baba mdogo au mkubwa kwa upande wa baba. Rika huitana "walaal", ndugu. Mhudumu wa kutoka bara hujifunza maneno haya kabla ya kujifunza kuhesabu kwa Kisomali. Linalovutia ni kuwa mzee naye humjibu kijana kwa "adeer" hiyo hiyo, kwani kwa Wasomali jina la ukoo huweza kurudishwa kwa mdogo kama alama ya upendo. Waswahili hawalioni geni jambo hili: mzazi humwita mwanawe "baba" na bintiye "mama". Yafaa kutahadharisha kuhusu "warya", ambalo Kisomalini ni mwito tu wa kumwita mwanamume. Katika vinywa vya baadhi ya Wakenya limegeuzwa kuwa jina la kabila zima, na likitumiwa hivyo hotelini huweza kumwondolea mtu karibu yake.

Katika hoteli za hadhi ya juu badiliko huwa la lugha yenyewe. Mgeni hupokewa kwa Kiingereza na kukabidhiwa menyu ya Kiingereza, yenye jalada gumu. Anaporudi kwa mara ya nne au ya tano menyu huachwa ikilala mezani, Kiingereza kikampisha Kiswahili, na Kiswahili kikachomekwa neno moja au mawili ya Kisomali. Mfuatano huu unapingana na dhana iliyozoeleka kwamba kadiri mahali panavyokuwa pa gharama ndivyo Kiingereza kinavyokuwa kingi. Ukweli ni kuwa Kiingereza hapo ni lugha ya wageni, na aliyezoeleka huvuliwa Kiingereza kama avuliwavyo koti.

Kuhusu baa maneno machache yatatosha. Miji mingine ya Kenya sajili ya baa ndiyo ingeongoza mjadala huu, yenye "moja baridi", "moja moto" (bia isiyotiwa barafu, wala haijachemshwa!) na "ile yangu". Garissa ni mji wa Waislamu wengi, pombe haiuzwi katika hoteli nyingi, na mnywaji hulazimika kutafuta kantini za askari au baa chache. Kazi ya kaunta hufanywa na meza ya chai. Huko ndiko Wasomali hufanyia kile wakiitacho "fadhi ku dirir", kupigana huku mmeketi, yaani mabishano ya siasa yasiyo na mshindi, ambayo Zanzibar yangefanyiwa maskani na Dar es Salaam kijiweni. Hoja hazianzi upya kila jioni. Huendelea pale zilipoachwa jana, na asiyekuwapo jana hana pa kuingilia. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa mchana, na mabishano huhamia baada ya futari yakiwa na makali zaidi.

Getini

Mnamo Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia kupambana na al-Shabaab. Tangu hapo miji ya Kaskazini Mashariki ilikumbwa na mashambulizi ya mara kwa mara, na hoteli zilikuwa miongoni mwa shabaha. Tarehe 18 Aprili 2013 watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi waliokuwa katika hoteli ya Kwa Chege mjini Garissa, mahali palipopendwa na watu wa kutoka bara, wakaua watu wasiopungua 6. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Moi, kilishambuliwa na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi.

Kwa mtazamo wa sajili, hatua mpya iliongezwa ambayo Mitchell hakuihesabu: hatua ya getini. "Fungua buti." "Inua mikono kidogo, samahani." "Mkoba uwekwe hapa." Ni lugha ya amri iliyopakwa adabu, na hutangulia salamu. Hapa napo mteja wa kila siku alitambulikana, kwa kuwa mlinzi alimwambia "pita tu, Mwalimu" huku akimpekua mgeni aliyemfuata. Maneno hayo matatu yalikuwa heshima kubwa, na kwa upande wa usalama yalikuwa kosa.

Lililo zito zaidi ni kuwa mazoea yenyewe yaligeuka kuwa hatari. Miongoni mwa mashauri ya kawaida ya usalama ni kutokwenda mahali pamoja kwa saa ile ile, kutokalia kiti kimoja, kubadili njia. Ukiyatafakari mashauri hayo kiisimu, utaona yanamwamuru mtu arudi kuwa mgeni kila siku. Afande anayehamahama hoteli kwa tahadhari hawezi kusema "ile". Hana nyama yake jikoni popote. Ataitwa "pilau wa dirishani", na kama ana busara hata dirishani hataketi.

Meza isiyo na mwenyewe

Waliopungua zaidi katika sajili hii ni walimu wenyewe. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi waliuawa, wakiwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Baada ya hapo, na zaidi baada ya Aprili 2015, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi Kaskazini Mashariki. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha wengine wengi. Madhara kwa shule yamejadiliwa kwingi na yanastahili kujadiliwa. Dogo lisilojadiliwa ni kuwa kila aliyeondoka aliacha nyuma yake, katika jiko fulani, kirai nomino kisichokuwa na mwenyewe.

Kirai hicho hupatwa na nini? Njia zinazowezekana ni tatu. Kikiwa hakijarithiwa, hufa, kwa maana hakuna wa kukiagiza. Kikiwa kimerithiwa, huendelea kutumiwa na watu wasiomjua aliyekianzisha, kama yanavyotumiwa majina ya mitaa. Njia ya tatu ndiyo yenye kumgusa mchunguzi: wenyeji hukitumia wakijua hasa ni cha nani, na kila kinapoagizwa huzua swali. "Chai ya Mwalimu moja." "Na mwenyewe, mnampata?" "Ukimpigia ni mteja." Hapo zile pande mbili za neno zimekutana: aliyekuwa mteja kwa kurudi amekuwa mteja kwa kutopatikana.

Mji haukufungwa. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na hoteli za kisasa zimo mjini zikipokea mikutano na harusi. Wageni wapya huingia kila wiki na kupitia ngazi zile zile, kutoka "pasta" hadi "adeer". Muda unaochukuliwa kuzipanda haujapimwa na mtu, na ni utafiti usiohitaji gharama: mwanafunzi wa isimujamii aliye tayari kunywa chai mahali pamoja kwa muhula mmoja, akiandika kila siku jinsi alivyoitwa na alivyoagiza, atakuwa na data ya kutosha tasnifu ya shahada ya kwanza.

Zoezi

Kwa wanaofundisha, sentensi zifuatazo zinaweza kugawiwa darasani. Wanafunzi waeleze upatanisho wa kila moja, wataje ni nani kati ya wahusika aliye mgeni na aliye mteja wa kila siku, kisha watoe ushahidi kutoka katika lugha peke yake:

(a) Wali wawili wa pale nyuma wanataka maji.
(b) Leo ile usilete, tumbo linanisumbua.
(c) Mezani kwa Daktari asikae mtu hadi saa mbili.
(d) Chai ya Mwalimu mbili, moja iwe na sukari.

Katika (a) mwanafunzi makini atauliza kwa nini mhudumu huyu amesema "wawili" ilhali yule wa awali alisema "chai mbili". Majibu yanaweza kutofautiana, na ni vizuri yatofautiane. Katika (d) asisahau kwamba chai ya Mwalimu haikuwa na sukari.